Bibi wa miaka 83 na taya lililojengwa kwa unga wa titaniamu

KWA mtu mwenye afya, taya la chini ni mfupa usiokumbukwa. Hutafuna, huongea, hupiga miayo, na mwenyewe wala hafikirii. Siku linapoharibika ndipo familia nzima hujua kazi yake. Chakula husagwa hadi kiwe uji, maneno hayaeleweki, mate hayamezeki, na ulimi unapokosa pa kushikilia hurudi nyuma, hata pumzi ikawa ya shida mgonjwa anapolala chali.

Hali hiyo ilimkabili bibi mmoja wa miaka 83 aliyetibiwa nchini Uholanzi mwaka 2011. Maambukizi sugu yalikuwa yameshambulia karibu taya lake lote la chini. Mfupa uliofikia hapo hauachwi mwilini, hivyo ulipaswa kutolewa. Lakini ukishatolewa, mahali pake pawekwe nini?

Njia iliyozoeleka ni kuchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Mara nyingi ni ule mwembamba wa mguuni, unaokaa sambamba na mfupa wa muundi. Daktari bingwa huukata pamoja na mishipa yake ya damu, huukunja kwa kuukata vipande ili ufuate umbo la kidevu, kisha huiunga mishipa hiyo na ile ya shingoni akitumia darubini. Ni kazi nzuri na imewasaidia wengi. Ila huchukua saa nyingi mno, na humwachia mgonjwa majeraha mawili badala ya moja: usoni na mguuni. Kwa mtu wa miaka 83, kukaa muda wote huo chini ya dawa ya usingizi ni hatari kubwa.

Madaktari wake wakachagua njia nyingine. Juni 2011, katika hospitali moja ya mji wa Sittard-Geleen, jopo lililokuwa na Profesa Jules Poukens wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, liliondoa taya lililooza na kuweka jingine la titaniamu. Taya hilo lilijengwa kwa miale ya leza na kampuni ya Kibelgiji iitwayo LayerWise. Upasuaji ulichukua muda usiozidi saa nne. Mgonjwa alipozinduka alitamka maneno machache, na siku iliyofuata aliweza kuongea na kumeza.

Taya hilo lilikuwa na uzito wa gramu 107, karibu gramu 30 zaidi ya taya la asili. Habari zake zilitolewa kwa umma Februari 2012, zikatangazwa kuwa ni mara ya kwanza kwa taya zima la chini la mgonjwa kubadilishwa kwa lililotengenezwa namna hiyo.

Tangu wakati huo teknolojia hii imesambaa katika hospitali kubwa duniani. Kwa familia yenye mgonjwa wa mfupa, iwe kwa ajali, uvimbe au uchakavu wa nyonga, ni vyema kujua inafanyaje kazi, inasaidia wapi na inaishia wapi.

Haba na haba

Kazi huanza na picha. Mgonjwa hupigwa kipimo cha CT, ambacho huonyesha mwili kwa vipande vyembamba kama mkate uliokatwa slesi. Kompyuta huziunganisha slesi hizo na kupata umbo kamili la mfupa. Hapo wahandisi na madaktari hukaa pamoja na kuchora mfupa mpya kwenye kompyuta. Kwa taya la yule bibi waliweka mashimo ya kushikia misuli na mifereji ya kupitishia mishipa ya fahamu na ya damu.

Mchoro hupelekwa kwenye mashine. Ndani ya mashine hiyo hakuna nyundo wala kalibu. Kuna sahani nene ya metali, na juu yake wembe mpana hutandaza unga wa titaniamu, mfano wa mtu anayesawazisha unga kwenye sinia kwa ukingo wa rula. Chembe za unga huo ni duara, na nyingi hazifiki hata ishirini ya milimita moja kwa upana.

Kisha leza huwashwa. Mwale wake hupita juu ya unga ukichora umbo la slesi ya kwanza ya mfupa. Unapopita, unga huyeyuka kwa joto linalozidi nyuzi 1,660 za Selsiasi na kuganda papo hapo. Pasipopitiwa na mwale, unga hubaki unga. Sahani hushuka kidogo sana, wembe hutandaza unga mwingine, leza huchora slesi ya pili, nayo hushikana na ya kwanza.

Katika taya la yule bibi, milimita moja ilikuwa na matabaka 33. Kwa hesabu hiyo, kipande chenye kimo cha sentimita 5 kinahitaji matabaka zaidi ya 1,600. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na humo ndani ya mashine msemo huo unatekelezwa neno kwa neno. Kazi nzima ya kulijenga taya ilichukua saa chache tu.

Njia hii haikuzaliwa hospitalini. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer mjini Aachen, Ujerumani, ni miongoni mwa walioianzisha katikati ya miaka ya 1990, na hataza yao ni ya mwaka 1996. Hapo awali wenye viwanda walivutiwa nayo kwa sababu ya upotevu. Fundi anayechonga kifaa kutoka kwenye bonge la titaniamu huacha sehemu kubwa ya metali hiyo ya bei kali chini ya mashine, kama makapi ya mbao chini ya randa. Leza hutumia unga unaohitajika, na mwingi wa ule uliobaki huchekechwa na kutumika tena.

Faida ya pili ndiyo iliyowavuta madaktari. Mashine haijali kama inatengeneza vipande mia vinavyofanana au kipande kimoja ambacho hakuna mwingine duniani atakayekihitaji. Na taya la mtu ni la mtu mmoja.

Kwa nini titaniamu?

Titaniamu iligunduliwa mwaka 1791 na mchungaji wa kanisa aliyependa kuchunguza mawe, William Gregor, katika mchanga mweusi wa Cornwall, Uingereza. Miaka 4 baadaye mwanakemia wa Ujerumani, Martin Heinrich Klaproth, aliipa jina kutokana na majitu ya hadithi za Wagiriki wa kale.

Ilichukua zaidi ya karne moja na nusu kujulikana kuwa metali hii inaelewana na mwili. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia kifaa kidogo cha titaniamu. Utafiti ulipokwisha, kifaa hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekikumbatia na kukishika. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wake wa kwanza mizizi ya meno ya titaniamu, na mgonjwa huyo aliitumia hadi alipofariki dunia mwaka 2006.

Siri iko juu ya uso wa metali. Titaniamu ikikutana na hewa, hapohapo hujivika ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, iliyotokana na muungano wake na oksijeni. Ngozi hiyo huizuia kuliwa na chumvi na maji ya mwili. Ikikwaruzwa, hujifunga yenyewe.

Vipandikizi vingi vya mifupa si titaniamu tupu. Ni aloi yenye titaniamu takriban asilimia 90, alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Aloi hiyo ilitengenezwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ndege, kwa sababu ina nguvu ya kushindana na vyuma vingi huku uzito wake ukizidi kidogo tu nusu ya ule wa chuma cha pua.

Hata hivyo ina kasoro moja: ni ngumu kuliko mfupa. Kiasi inavyogoma kupinda ni kati ya mara nne na mara kumi ya mfupa wa binadamu. Mtu anaweza kudhani ugumu huo ni sifa, lakini kwa mfupa jirani ni tatizo. Mfupa hujijenga kwa kubeba mzigo. Aliyewahi kufungwa plasta ngumu mkononi anajua mkono unavyotoka umesinyaa kwa kukosa kazi. Mfupa nao, ukipata jirani mgumu anayeubebea mzigo wote, hudhoofika taratibu, na kipandikizi kinaweza kulegea baada ya miaka.

Hapa leza ina msaada ambao mashine ya kuchonga haina. Anayevunja mfupa wa supu huona kuwa ndani si bonge moja, bali ni kama sifongo yenye vijumba vingi. Leza inaweza kuijenga titaniamu vivyo hivyo, ikiwa na matundu yanayopungua milimita moja kwa upana. Kipandikizi cha namna hiyo hupinda kidogo kama mfupa unavyopinda, na chembehai za mfupa huingia kwenye matundu, zikakua humo na kukishika.

Nchini Italia, vikombe vya nyonga vyenye uso wa matundu ya aina hiyo vilianza kuwekwa kwa wagonjwa mwaka 2007. Vilijengwa kwa mashine ya jamii hiyohiyo, ila inayotumia miale ya elektroni badala ya leza. Leo nyonga ni miongoni mwa sehemu za mwili ambako titaniamu ya kujengwa kwa matabaka hutumika zaidi.

Mfano mwingine ulitoka Hispania mwaka 2015. Mgonjwa wa miaka 54 alikuwa na saratani iliyowalazimu madaktari wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Salamanca kuondoa mfupa wa katikati ya kifua pamoja na sehemu ya mbavu. Kwa kawaida pengo kama hilo huzibwa kwa bamba bapa la titaniamu, ambalo skrubu zake zinaweza kulegea kwa sababu kifua hakipumziki: hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Picha za mgonjwa zikatumwa Australia. Kampuni ya Anatomics ikachora kifua kipya, na wataalamu wa taasisi ya utafiti ya CSIRO mjini Melbourne wakakijenga kwa miale ya elektroni. Kipandikizi kikasafirishwa hadi Hispania. Siku 12 baada ya upasuaji, mgonjwa aliruhusiwa kurudi nyumbani.

Makosa yasiyoonekana

Habari kama hizi husomwa kwa furaha, na zinastahili. Lakini kati ya leza na mwili wa mgonjwa kuna kazi ndefu ambayo haipigwi picha, na humo ndimo usalama wake ulimo.

Kosa la kwanza linahusu moto. Kila mpika chapati anajua kuwa moto ukiwa mdogo chapati hubaki mbichi ndani, na ukiwa mkali huungua. Leza ikikosa nguvu au ikipita kwa kasi mno, unga hauyeyuki wote na mapengo hubaki kati ya tabaka na tabaka. Ikizidi nguvu, huchimba shimo refu ndani ya metali iliyoyeyuka, na shimo likifunga juu kabla gesi haijatoka, kiputo hubaki ndani. Kwa nje kipande hung'aa vizuri. Kwa ndani kina tundu dogo, na tundu hilo ndipo ufa huanzia baada ya taya kutafuna maelfu kwa maelfu ya mara.

Kosa la pili linahusu hewa. Titaniamu iliyopata moto mkali hunyonya oksijeni na naitrojeni, na ikishiba huwa kavu na rahisi kuvunjika. Ndiyo maana chumba cha mashine hujazwa gesi ya argoni, isiyochanganyika na kitu, na oksijeni hupunguzwa mpaka karibu iishe. Tahadhari hiyo inamlinda hata mfanyakazi, kwa kuwa unga laini wa titaniamu ukirushwa hewani karibu na cheche unaweza kulipuka.

Kosa la tatu linajulikana kwa kila fundi wa kuchomelea mageti. Ukichomelea bomba upande mmoja, likipoa hujivuta na kupinda. Katika mashine ya leza jambo hilo hurudiwa maelfu ya mara. Kila tabaka linapopoa hulivuta la chini yake, na mvutano hujaa ndani ya kipande hata kikaweza kujikunja au kujing'oa kwenye sahani kabla hakijamalizika. Na kwa sababu metali hupoa kwa kasi kubwa mno, hutoka ikiwa ngumu lakini isiyovumilia kuvutwa.

Kwa hiyo kipande kikitoka kwenye mashine hakipelekwi chumba cha upasuaji. Kwanza hupashwa moto tanurini na kupozwa taratibu ili mvutano uishe. Vipande vya kazi nzito huingizwa pia katika tanuri maalumu lenye argoni iliyoshindiliwa hadi takriban mara elfu moja ya shinikizo la hewa ya kawaida, kwa joto linalozidi nyuzi 900. Humo vitundu vya ndani hubanwa hadi vikafungana. Baada ya hapo nguzo za muda zilizokishikilia wakati wa kujengwa hukatwa, sehemu zinazopaswa kuwa laini hulainishwa, na unga uliojificha ndani ya matundu hutolewa wote. Chembe moja iliyobaki humo inaweza kudondoka mwilini baadaye. Mwisho ni vipimo, usafishaji na kuua vijidudu.

Taya la yule bibi lilipakwa pia tabaka la kauri inayokubaliwa na mwili kabla ya kuwekwa.

Hivyo anayesema mfupa ulichapishwa kwa saa chache anasema kweli, ila ametaja sehemu fupi ya safari. Mashine ya leza inaweza kununuliwa. Nidhamu ya kukagua kila hatua hujengwa kwa miaka, na hiyo ndiyo hutenganisha kipandikizi cha kuaminika na pambo la titaniamu.

Mchanga wa Kwale

Mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki anaposoma haya anaweza kujiuliza titaniamu hutoka wapi, na jibu halipo mbali. Kwale, kusini mwa Mombasa, mchanga mwekundu na mweusi wenye madini ya titaniamu ulichimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi mwishoni mwa 2024. Kampuni ya Base Titanium ilikuwa ikitenganisha madini ya ilmenaiti, rutaili na zikoni, kisha kuyasafirisha ng'ambo kwa meli kutoka Likoni.

Hata hivyo mtu asidhani kuwa mchanga huo wote uligeuka mifupa na ndege. Sehemu kubwa sana ya madini ya titaniamu duniani hutengenezwa unga mweupe wa rangi. Ndio unaoupa weupe ukuta wa sebule, karatasi, plastiki na hata dawa nyingi za meno. Kinachofanywa metali ni kidogo.

Sababu ni ugumu wa kuitoa. Titaniamu imeng'ang'ania oksijeni kiasi kwamba haiyeyushwi na makaa kama chuma. Njia inayotumika mpaka leo ilibuniwa na William Kroll, mzaliwa wa Luxembourg, miaka ya 1930. Madini hugeuzwa kwa klorini kuwa kimiminika, kisha kimiminika hicho hukutanishwa na magnesi iliyoyeyuka ndani ya chombo kilichofungwa. Kinachobaki ni bonge lenye matundu kama sifongo. Bonge hilo huyeyushwa tena mahali pasipo na hewa, likatoka metali safi. Metali hiyo ikiyeyushwa na kupulizwa kwa argoni yenye kasi, hutawanyika na kuwa zile chembe duara zinazoingia kwenye mashine ya leza.

Kila hatua hula umeme mwingi na huhitaji wataalamu. Ndiyo sababu nchi inaweza kuuza mchanga kwa tani na kununua kipandikizi kwa gramu. Kijana wa shule ya sekondari anayependa kemia na hesabu hana haja ya kwenda mbali kutafuta kazi ya kufikiria.

Mtoto anakua, metali haikui

Kuna jambo ambalo wazazi wanapaswa kulijua mapema. Kipandikizi cha titaniamu, hata kikikaa sawasawa leo, hubaki na ukubwa uleule. Taya la mtoto wa miaka 8 halitakuwa lile la miaka 18. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe ukihamishiwa mahali pengine una uhai, na kwa mtoto huenda ukakua pamoja naye. Kwa sababu hiyo madaktari huwa waangalifu zaidi kwa watoto, na kipandikizi kinapokuwa hakiepukiki, huzungumza na mzazi tangu mwanzo juu ya upasuaji mwingine utakaofuata mtoto akikua.

Jambo la pili ni maambukizi. Titaniamu haiozi, lakini vijidudu vinaweza kujibandika juu yake na kujifunika utando ambao dawa hupenya kwa shida. Ikifika hapo mara nyingine hulazimu kukitoa kipandikizi. Wanaovuta sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa wako katika hatari zaidi, kwa kuwa vidonda vyao huchelewa kupona. Kwa kipandikizi cha taya, jino bovu lililoachwa kinywani ni adui wa karibu.

Jambo la tatu ni kutofautisha hitaji na mvuto. Mvunjiko wa kawaida wa mkono au mguu hauhitaji mfupa wa kuchapishwa. Bamba la kawaida na skrubu, au hata plasta ngumu peke yake, hutosha kwa wengi. Faida ya leza huonekana pale ambapo umbo lenyewe ndilo tatizo: taya, fuvu, kifua, nyonga iliyoliwa na ugonjwa, au upasuaji wa kurudia ambapo mfupa uliobaki ni kidogo.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

Familia ikiambiwa kuwa ndugu yao anahitaji kipandikizi cha titaniamu, haya ni maswali yanayofaa kuulizwa kwa utulivu, ikiwezekana mmoja akiandika majibu:

Je, kuna njia nyingine, ikiwamo kutumia mfupa wa mgonjwa mwenyewe, na kwa nini hii imechaguliwa?

Kipandikizi kimetengenezwa wapi, na kina hati zinazoonyesha aina ya aloi na ukaguzi uliofanyika?

Upasuaji utachukua muda gani, na je, moyo, mapafu na sukari ya mgonjwa vimepimwa?

Kutakuwa na upasuaji wa pili, na gharama yake imo katika ile iliyotajwa?

Dalili zipi nyumbani zinadai kurudi hospitali bila kusubiri? Homa, usaha, uvimbe unaoongezeka na maumivu mapya ni miongoni mwake.

Mgonjwa atapewa kadi au maandishi ya kipandikizi? Titaniamu haivutwi na sumaku kama chuma, na wengi wenye nayo hupimwa MRI bila tatizo. Hata hivyo ni lazima wahudumu waambiwe kila mara kabla ya kipimo, kwa kuwa metali inaweza kuharibu picha na huenda mwilini kuna kifaa kingine kisicho titaniamu.

Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Mengi huwa ameshajiuliza mwenyewe.

Kazi ya nyumbani

Leza ilipomaliza kulijenga taya la yule bibi, na madaktari walipofunga jeraha, kazi haikuwa imekwisha. Ulipangwa upasuaji mwingine mdogo baadaye, ili daraja la meno bandia lifungwe kwa skrubu juu ya taya jipya. Kabla ya hapo, titaniamu ilipaswa kukaa na misuli ishike.

Wiki za namna hiyo hazina mashine. Ni za mtu wa nyumbani anayesaga chakula mpaka kiwe laini, anayesafisha kinywa cha mgonjwa baada ya kila mlo, anayehesabu vidonge, na anayesubiri mgonjwa amalize sentensi yake bila kummalizia. Familia itakayoambiwa habari njema ya titaniamu ijiandae pia kwa wiki hizo. Zikisimamiwa vizuri, mgonjwa hurudi mezani na wenzake na kula alichokiagiza mwenyewe.